"Bora nife na saumu yangu": tunayoyasikia kliniki ya sukari kila Ramadhani inapokaribia

Rajabu haijaisha na tayari nimeyasikia mara ya nne mwaka huu. "Sista, bora nife na saumu yangu." Safari hii aliyesema ni mzee wa miaka 61, anajidunga insulini mara mbili kwa siku, na mguu wake wa kushoto una kovu la kidonda kilichochukua miezi 5 kupona. Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, kama anayenituliza, na mkewe aliyekaa pembeni akaitikia: "Ni kweli, mwanangu."

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Majengo, Mombasa, nimekaa chuo cha Kurani kwa maalim kabla sijakanyaga shule, na Ramadhani nafunga. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu wapo wanaodhani maneno ya kliniki yanatoka kwa watu wasioijua saumu. Naijua, naipenda, na mwezi ukiandama hufurahi kama nilivyofurahi nikiwa mtoto. Ndiyo maana inaniuma kuona wazee wetu wakiletwa hospitali kwa ajili yake, wengine wasirudi nyumbani.

Dhana: mgonjwa anayekula mchana ana upungufu wa imani

Katika dhana ninazozisikia kliniki, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na nitaikalia.

Hakuna mgonjwa wangu Mwislamu asiyejua kwamba ameruhusiwa. Ukimuuliza, atakusomea mwenyewe. Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, mgonjwa na msafiri wametajwa mara mbili mfululizo kwamba watimize hesabu katika siku nyingine, na aya hiyo ya pili inaendelea kusema Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi, hatutakii yaliyo mazito. Ipo pia hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini akawakuta watu wamemzunguka mtu wakimfanyia kivuli. Akauliza ana nini, akaambiwa amefunga. Akasema si katika wema kufunga safarini. Wagonjwa wangu wanayajua haya kunishinda. Kisha wakimaliza kuyasema wanafunga.

Kwa miaka mingi nilidhani ni elimu iliyopungua, nikawa natoa karatasi na kurudia aya. Sasa najua karatasi hazikuwa na kazi. Kinachomzuia mzee huyu asile mchana si dini. Ni malezi.

Fikiria tulivyofunzwa kufunga. Ukiwa na miaka 6 au 7 unaanza na saumu ya nusu siku, unakula adhuhuri kisha unaendelea hadi Magharibi, na watu wazima wanakusifu kana kwamba umefunga yote. Ukifika 9 au 10 unaambiwa sasa wewe mkubwa. Jirani akikutilia shaka anakwambia utoe ulimi, aone kama umekauka. Siku ya kwanza utakayomaliza kutwa nzima, shangazi anakupa shilingi, bibi anakupakulia futari wewe kwanza, na jina lako linatajwa barazani. Nduguyo aliyeshindwa, akanywa maji bafuni saa nane mchana, anachekwa hadi Idi. Hakuna aliyekaa na mtoto yule akamwambia kwamba kuna siku atakapokuwa mkubwa, akiugua, kula kwake ndiko kutakuwa utiifu.

Na sisi wasichana tulifunzwa zaidi. Mwanamke akiwa katika hedhi sharia inamkataza kufunga. Hata akitaka, saumu yake haikubaliwi. Lakini mamangu alikula siku zile amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, haraka, sufuria mkononi, akisikia hatua za ami anafuta mdomo. Nami nilipofika umri ule nikafanya vivyo hivyo. Tulichojifunza pale ni kwamba kula mchana wa Ramadhani ni aibu hata pale Mungu mwenyewe alipoamuru kula. Sasa mtu aliyekua hivyo, ukimwambia akiwa na miaka 60 kwamba ana ruhusa, unamwomba akabiliane na watoto wake, wakwe zake, majirani zake na yule mtoto aliyetoa ulimi. Aya inamtosha akilini. Haimtoshi uso kwa uso na mkaza mwana aliyeingia ghafla akamkuta na kikombe cha chai.

Kwa hiyo wanafanya mambo mawili, na yote mabaya. Wengine wanafunga na kuacha dawa kabisa. Wengine wanafunga na kumeza dawa zilezile kwa kipimo kilekile, bila chakula. Dereva mmoja wa trela anayetoa makasha bandari ya Kilindini alifanya hili la pili. Hakula daku kwa sababu alichelewa kuamka, akameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kwa maji alfajiri, akaingia barabarani. Saa kumi alasiri, Changamwe, utingo wake alimwona anatokwa na jasho na kumjibu maneno yasiyounganika, akashika usukani. Alipofikishwa kwetu sukari ilikuwa 2.1 mmol/L, chini mno. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama saumu yake imevunjika. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi kumjibu.

Hali hii si ya Mombasa peke yake. Utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuhusisha watu zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba asilimia 43 ya wenye kisukari aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini, na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15. Sukari kushuka vibaya, kiasi cha kulazwa, kuliongezeka mara 4.7 kwa wa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili, ukilinganisha na miezi mingine. Nikiwasomea wagonjwa tarakimu hizi hutikisa vichwa kwa heshima, kisha hurudi palepale: watu watasemaje?

Basi siku hizi sianzi na mgonjwa. Naomba aje na mtu wa nyumbani, hasa yule anayepika na yule ambaye mgonjwa anamwonea haya. Namwambia mtoto wa kiume mkubwa, mbele ya babake: ukitoka hapa, wewe ndiye utakayempelekea mzee chakula cha mchana, kwa mikono yako, sebuleni, mlango ukiwa wazi. Usimwachie ajifiche. Mahali ambapo watoto walifanya hivyo, wazee walikula, wakameza dawa, wakamaliza mwezi salama. Sina ushauri mwingine ninaoushikilia kama huu.

Na fidia si adhabu, wala si ya wavivu. Maradhi ya kupita unalipa kadha, yaani unafunga siku ulizokosa, ukipona. Maradhi yasiyotarajiwa kuondoka, kwa madhehebu ya Shafi tuliyonayo pwani, unatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku usiyofunga. Kiasi chake na namna ya kukitoa muulize imamu wa msikiti wako, anajua. Bibi mmoja wa Kibokoni tulimshawishi miaka mitatu bila mafanikio. Mwaka wa nne wajukuu walimletea mchele, akaupima mwenyewe kwa kibaba kila siku baada ya Alasiri na kuwapelekea mayatima wa mtaa wa pili. Aliniambia kwamba tangu aanze kufunga hajapata Ramadhani iliyomtuliza moyo kama ile.

Nieleweke vizuri. Sisemi kila mwenye sukari asifunge. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake, sukari imetulia, figo na macho hayana shida, mara nyingi anaweza kufunga tukimpangia. Wa kuogopewa ni mwenye aina ya kwanza, mjamzito mwenye sukari, mwenye figo zilizochoka, anayedunga insulini mara kadhaa kwa siku, na yule ambaye sukari yake imeshuka vibaya ndani ya miezi 3 iliyopita. Mzee wangu wa miaka 61 yumo katika hao.

Dhana: kupima sukari na kuchoma sindano kunavunja saumu

Hakuvunji. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano za tiba, ziwe za chini ya ngozi, za msuli au za mshipa, hazivunji saumu, isipokuwa zile za kulisha mwili kama dripu ya glukosi. Insulini inaingia chini ya ngozi na haimlishi mtu. Tone la damu la kidoleni ni dogo kuliko la kukatwa na kisu ukimenya muhogo wa futari.

Anayefunga bila kujipima hana njia ya kujua saa tisa alasiri kwamba amefika 3.5. Pima kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya futari, zikipita saa mbili tangu futari, na wakati wowote ukijihisi vibaya. Ikiwa chini ya 3.9, fungua. Ikipita 16.6, fungua. Hata kama zimebaki dakika 10 kuadhiniwa. Hizo dakika 10 ndizo wanazobishania, na ndizo ambazo nimewaona watu wakizimia.

Dhana: kufunga ni dawa ya sukari, kwa hivyo naacha vidonge mwezi mzima

Wanaoamini hili hufika kwetu Idi mosi na Idi pili, sukari iko juu ya 20, midomo imekauka. Kutokula mchana hakuzuii ini kutengeneza sukari, na usiku unakula. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, siku moja au mbili zinatosha damu kujaa asidi akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu. Dawa hazisimamishwi, zinahamishwa saa. Metformini ya mara mbili inakwenda futari na daku. Ya mara tatu, kile cha mchana kinaungana na cha futari. Glibenklamidi ina mambo yake: inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima mwenye figo dhaifu inaweza kumshusha sukari akapanda tena akashuka tena. Hiyo tunapenda kuibadilisha kabla ya mwezi. Insulini tunaipunguza kwa hesabu, na hesabu hiyo haifanywi na jirani.

Dhana: tende na asali ni sunna, haziwezi kupandisha sukari

Kufungua kwa tende ni sunna na mimi nafungua kwa tende. Lakini tende 3 ndogo zina sukari inayokaribia vijiko 3 vya chai. Asali ni sukari. Mwili hauulizi chakula kimetajwa wapi. Moja inatosha, ukipenda mbili, kisha maji.

Taabu kubwa si tende. Taabu ni sinia lenyewe. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, tambi za sukari, mkate wa sinia, kaimati zilizolowa shira, na juu yake bilauri ya ukwaju uliotiwa sukari, vyote mbele yako kwa pamoja baada ya saa 13 za njaa. Chagua wanga mmoja. Ukila muhogo, acha ndizi na tambi za leo ziwe za kesho. Ongeza mbaazi, samaki, mchicha. Ukwaju unyweke bila sukari, ukizoea utauona mtamu. Halafu nenda tarawehe kwa miguu. Rakaa zile, kuinama na kuinuka, tunazihesabu kama mazoezi.

Dhana: daku ni ya wenye njaa

Vijana wanajivuna kwamba wanalala hadi Alfajiri na kufunga "kavu". Mtume amesema tule daku, kwani katika daku kuna baraka. Mwenye sukari asiyekula daku asifunge siku hiyo. Na aile mwishoni kabisa, karibu na imsaki, wakati wa kuacha kula, si saa sita za usiku kisha akalala.

Dhana: kabla ya Magharibi amepandwa na jini

Siwezi kuzungumza habari hii bila moyo kunienda mbio. Mtu anaanza kutetemeka, jasho jembamba linamtoka, anapiga kelele, anamtukana mtoto wake ambaye hajawahi kumtukana maishani, macho yamemtoka. Nyumba nzima inasema amepandwa. Anaitwa maalim, ubani unachomwa, kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, linaandikwa kwa zafarani. Nusu saa inapita. Sukari iko 1.8 na ubongo unalia kwa njaa.

Sibishani na mtu kuhusu kuwepo kwa majini, yametajwa katika Kitabu. Ninachoomba ni kwamba mwenye kisukari akibadilika ghafla, kidole kichomwe kwanza. Kama hamna mashine, mpeni sukari kwanza: vijiko 3 vya chai katika nusu bilauri ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 pimeni tena, na kama bado, mrudieni. Akizinduka mleteni chakula. Maalim asome huku mnakoroga, hayo mawili hayagombani. Lakini kama amezimia au hawezi kumeza, msimwagie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mchukueni hospitali mbio, kwa tuktuk, kwa gari la jirani, kwa lolote lililo mlangoni.

Maalim mmoja wa Bondeni, Mungu amzidishie, sasa ana mashine ya kupimia kwenye mkoba wake pamoja na msahafu. Akiitwa, anachoma kidole kabla hajasoma. Ameshatuletea watu watatu wakiwa hai.

Dhana: Ramadhani ya kaskazi siku ni ndefu, ndiyo maana inaua

Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Saumu yetu ni ya takribani saa 13 na kitu mwaka mzima, haibadiliki sana. Kinachobadilika ni joto. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na sasa imeingia miezi ya Februari na Machi, jua la kaskazi likiwa kali zaidi. Sukari ikiwa juu unakojoa sana, ukikojoa sana chini ya jua hilo unakauka. Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, usiyamalize yote kwa mkupuo mmoja alfajiri. Wachuuzi wa Kongowea na mafundi wa ujenzi, hili ni lenu hasa.

Dhana: haya ni ya Waislamu

Januari nzima napokea Wakristo waliofunga siku 21 na makanisa yao, wengine bila hata maji, na wengine waliotupa vidonge kwa sababu wameombewa na kupimwa wakakutwa na 6. Sukari ilikuwa 6 kwa sababu ya vidonge. Ombewa, shukuru, endelea kumeza, na umwambie mchungaji wako una kisukari kabla ya kujiandikisha kwa mfungo. Aibu ile ya kuonekana ukila wenzako wamefunga nimeikuta Mikindani kama nilivyoikuta Majengo.

Yule mzee wa miaka 61 hakukubali siku ile. Nimemwambia arudi wiki ya kwanza ya Shaabani na mwanawe wa kwanza, yule mwenye duka. Nawe kama una sukari na unanuia kufunga, njoo wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, ukiwa na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, mashine yako, daftari la vipimo, na mtu wa nyumbani. Tukikutana mapema tunapata muda wa kubadilisha dawa, kuona mwili unavyoitika na kufunga siku moja mbili za majaribio. Wanaokuja siku ya kuvunja jungu tunawapokea pia, lakini usiku ule hakuna dawa ninayoweza kuibadilisha nikaona matokeo yake kabla ya daku ya kwanza.